Maswali mnayoniuliza kila mara kuhusu Oksana Lyniv, kondakta wa opera kutoka Ukraine

Mi naimba besi kwenye kwaya ya parokia na toka 2021 namfuatilia huyu dada karibu kila kazi anayofanya. Kila nikimtaja kwa wanakwaya wenzangu maswali yanakuja yaleyale, kwaiyo nimeyakusanya yote hapa. Nimeandika kwa lugha yetu ya kawaida manake nataka hata ambaye hajawahi kuona opera maishani aelewe huyu mtu anafanya kazi gani hasa. Habari zake nyingi zinaishia kwenye "mwanamke wa kwanza", "mwanamke wa kwanza", na mimi hilo linaniuma, kwa sababu kabla ya siku hiyo ya kuandikwa magazetini kuna karibu miaka 20 ya kazi ambayo hakuna aliyeipigia picha.

Samahani, kondakta ndo yule wa daladala au mnamaanisha nini?

Neno ni moja ila kazi ni mbili tofauti kabisa. Huyu ni kondakta wa okestra, yule anayesimama mbele ya wapiga ala na kijiti mkononi. Kama unaimba kwaya, mfikirie mwalimu wenu anavyopiga mkono ili sauti zote nne ziingie pamoja, alafu ongeza ukubwa. Kwenye opera kuna okestra ya watu 60 mpaka 100 wamekaa kwenye shimo mbele ya jukwaa, juu jukwaani kuna waimbaji wa solo wanaoigiza huku wanaimba, nyuma yao kwaya nzima, na mara nyingine kuna kikundi kingine kinaimba nyuma ya pazia ambako hawaoni chochote isipokuwa skrini ndogo inayoonyesha mikono ya kondakta. Hawa watu wengi wao hawasikiani vizuri. Kitu pekee wanachokitegemea wote kwa pamoja ni ule mkono.

Kwa ufupi Oksana Lyniv ni nani?

Amezaliwa 1978 Brody, mji mdogo kama kilomita 90 kutoka Lviv, magharibi mwa Ukraine. Amefanya kazi Odesa, Munich, Graz, Bayreuth, Bologna, na 2024 akaongoza opera ya Turandot kwenye Metropolitan Opera ya New York. Hayo mengine yote yako chini huko.

Familia yake ni ya wanamuziki?

Ndio, na ni muziki wa aina ambayo sisi tunaijua, manake baba yake ni mwalimu wa kwaya. Kwaiyo mtoto amekulia kwenye mazoezi, anaona watu wazima wanakosea sehemu ileile mara tano na baba anarudia kwa upole au kwa ukali kutegemea na siku yenyewe. Baadaye akasoma chuo cha muziki Lviv, kile kinachoitwa kwa jina la Mykola Lysenko, ambaye ndo baba wa muziki wa kitaifa wa Ukraine, na akiwa bado mwanafunzi akaanza kusaidia kazi kwenye jumba la opera la Lviv. Lile jumba ni la 1900 na chini yake unapita mto Poltva, yaani mto wenyewe waliufunika wakajenga juu yake. Watu wa Lviv wanakwambia hivo kwa fahari sana.

Ni kweli alishindwa na Dudamel?

Hahaha hili swali linapendwa. Ni kweli, 2004 mji wa Bamberg, Ujerumani, yalifanyika kwa mara ya kwanza mashindano ya makondakta yenye jina la Gustav Mahler. Wa kwanza alikuwa kijana wa Venezuela, Gustavo Dudamel, ambaye leo anajulikana dunia nzima. Oksana akashika nafasi ya tatu akiwa na miaka 26. Ila mimi neno "alishindwa" silikubali. Mtu katoka Lviv, hana meneja, hana jina, kaingia kwenye tatu bora, na hiyo tuzo ndo ikamfungulia mlango wa kuwa msaidizi wa Jonathan Nott, kondakta mkuu wa okestra ya Bamberg, alafu akaenda kuongeza masomo Dresden. Nafasi ya tatu ikampa shule na kazi, we unataka nini tena.

Kwanini unasisitiza sana miaka ya Odesa? Si ni jumba la mkoani tu?

Hapa naomba mniache niongee kidogo. Kuanzia 2008 mpaka 2013 alikuwa naibu kondakta mkuu wa opera ya Odesa, mji wa bandari kwenye Bahari Nyeusi. Jumba lenyewe lilijengwa 1887 na kampuni ya Fellner na Helmer ya Vienna, hawa waliojenga majumba ya maonyesho sehemu nyingi sana za Ulaya, na lilikuwa limetoka kufunguliwa tena 2007 baada ya ukarabati wa miaka mingi. Watu wanasema mkoani lakini hebu fikiria jinsi majumba ya huko yanavyofanya kazi. Hawaandai onyesho moja wakalipiga mwezi mzima wakafunga. Wana maonyesho mengi kwenye ghala, leo usiku Verdi, kesho baleti, keshokutwa Puccini, Jumapili asubuhi kitu cha watoto, na mazoezi ya onyesho la jana hakuna kabisa au ni ya nusu saa. Kondakta anaingia shimoni usiku na mwimbaji ambaye labda wameonana mchana kwa dakika 20 kwenye piano, na lazima mpaka saa nne usiku mambo yaishe salama.

Huko ndo unajifunza kuokoa. Mwimbaji karuka mistari miwili, unafanyaje? Kwaya imechelewa kuingia kwa sababu mlango wa pembeni umegoma, unafanyaje? Baragumu limepasua noti, tempo inataka kuyumba, usoni usionyeshe kitu. Hakuna chuo kinachofundisha hayo, na mtu aliyepiga miaka mitano hivo ukimpeleka jukwaa kubwa zaidi duniani mkono wake hautetemeki.

Na baleti je? Kondakta wa baleti ni tofauti na wa opera?

Kwenye majumba ya Ukraine, na sehemu nyingi za Ulaya mashariki, kampuni ya opera na ya baleti ziko chini ya paa moja, okestra ni ileile, kwaiyo makondakta wa nyumba wanagawana zote. Ila ufundi ni tofauti sana na nafikiri watu wanaudharau ule wa baleti bila kujua.

Kwenye opera mwimbaji akitaka kushikilia noti ya juu kidogo, kondakta anamsubiri, manake mwisho wa subira ni pumzi na unaweza kuisikia inavyoisha. Mchezaji akisharuka hewani hawezi kukaa kule anangoja fidla zimalize. Anashuka. Na kila mchezaji ana mruko wake. Yule wa jana anaruka juu sana na anataka muziki mpana, wa leo ni mwepesi, ana miguu ya haraka, ukimpa tempo ya jana atatua chini kabla ya mdundo na atasimama pale kama anayesubiri basi. Kwaiyo kondakta anaenda studio ya mazoezi, chumba chenye vioo ukutani na piano moja, anakaa kwenye kiti pembeni na penseli, haangalii uso wa mchezaji, anaangalia magoti. Goti likianza kukunjwa, hapo ndo ruko linaanza, na mkono wa kondakta lazima uwe umeshapanda. Anaandika kwenye kitabu chake cha noti, jina la mchezaji na alama ndogo, "huyu pana", "huyu usimvute".

Kuna sehemu kwenye Don Quixote ya Minkus ambapo dada anazunguka kwa mguu mmoja mara 32 bila kusimama. Ukumbi wote unahesabu. Kondakta naye anahesabu, lakini anaangalia ule mguu unaosimama, kama umeanza kutembea kutoka sehemu yake. Ukianza kutembea ujue mchezaji amechoka, na hapo unaamua ndani ya sekunde, unapunguza kidogo sana ili apate nafasi au unashikilia ili muziki umbebe. Ukipunguza sana anapoteza kasi ya kuzunguka anaanguka. Hiyo kazi inafanyika na waliolipa kiingilio hawajui kama kuna mtu kule chini ameamua chochote.

Ukitaka jina la kondakta wa Ukraine aliyejitolea sana kwenye baleti, mtafute Oleksiy Baklan wa opera ya taifa ya Kyiv. Amealikwa mara nyingi sana Tokyo kuongoza baleti, na Wajapani kwenye mambo ya baleti hawataki utani.

Alafu Munich akaenda kuwa msaidizi? Si ni kushuka cheo?

Kwa karatasi ndio. Alikuwa naibu mkuu Odesa, 2013 akaenda Munich, opera ya taifa ya Bavaria, kuwa msaidizi wa Kirill Petrenko, mpaka 2017. Petrenko ndo huyu ambaye sa hivi yuko na okestra ya Berlin Philharmonic. Msaidizi anakaa kwenye viti vya watazamaji na kitabu cha noti anasikiliza kama okestra inawafunika waimbaji, anakimbia kumwambia bosi, anaongoza mazoezi bosi akiwa hayupo, na lazima aijue kila opera kama vile usiku huohuo ataiongoza yeye, manake inaweza kutokea. Alipewa pia maonyesho yake mwenyewe ya kuongoza. Mi naona ule uamuzi ulikuwa wa busara kuliko yote aliyofanya, kukubali kukaa pembeni miaka minne karibu na mtu anayejulikana kwa kuandaa kazi kwa undani wa kutisha.

Graz alifanya nini?

2017 mpaka 2020, kondakta mkuu wa opera ya Graz, Austria, na okestra ya mji. Mwanamke wa kwanza pale. Msimu wa mwisho korona ikaukata katikati kama ilivyokata kila kitu.

Bayreuth ni nini na kwanini dunia nzima ilipiga kelele?

Bayreuth ni mji mdogo Ujerumani ambako Richard Wagner alijijengea ukumbi wake mwenyewe kwa ajili ya opera zake tu. Tamasha la kwanza lilikuwa 1876. Toka hapo mpaka 2020 hakuna mwanamke hata mmoja aliyewahi kuongoza onyesho la tamasha pale. Miaka 145. Tarehe 25 Julai 2021 Oksana Lyniv akafungua tamasha na Der fliegende Holländer, hadithi ya nahodha wa Kiholanzi aliyelaaniwa azunguke baharini milele mpaka apate mwanamke atakayempenda mpaka kifo.

Ila mi nataka muelewe ugumu wenyewe, manake watu wanafikiri ugumu ulikuwa jinsia yake. Shimo la okestra la Bayreuth halifanani na lingine duniani. Limefunikwa. Linashuka kwa ngazi kuingia chini ya jukwaa, fidla juu, na kadri unavyoshuka unakuta ala nzito zaidi mpaka matarumbeta na ngoma kule chini kabisa. Watazamaji hawaoni mwanamuziki hata mmoja wala kondakta, ndo maana mle ndani watu wanapiga wamevaa fulana, joto la Julai si mchezo. Sauti ya okestra haiendi moja kwa moja kwa watazamaji, inagonga kile kifuniko, inapanda jukwaani kwanza, inachanganyika na waimbaji, alafu ndo inatoka ukumbini. Sasa fikiria we ndo kondakta. Okestra inakupigia masikioni kwa nguvu zote, waimbaji unawasikia kwa mbali kama wako chumba cha pili, na ukijitahidi kuwaweka pamoja kwa jinsi unavyosikia wewe, kule ukumbini vitakuwa vimeachana. Yaani masikio yako yanakudanganya na lazima uyakatalie. Ndo maana wakati wa mazoezi kuna simu pale kondakta anaposimama, msaidizi anakaa ukumbini anapiga kusema fidla zimewahi, kwaya imechelewa. Makondakta wenye majina makubwa wamefika pale wakahangaika.

Alafu ongeza korona. Mwaka ule waliruhusu watu 911 tu kwenye ukumbi unaobeba karibu 2,000, na kwaya haikuruhusiwa kuimba jukwaani kama kawaida, kuna walioigiza jukwaani wakifumbua midomo bila sauti na wengine wakaimba kutoka chumba cha mazoezi ya kwaya sauti ikaletwa ukumbini kwa spika. Kwaya ya mabaharia, ile inayotingisha jengo, inatoka chumba kingine! Huku waimbaji wa solo, akiwemo Asmik Grigorian aliyeimba Senta, yule mwanamke anayempenda nahodha, wako mbele yake. Vitu vitatu kutoka sehemu tatu, shimo limefunikwa, na ni mara yake ya kwanza. Alipotoka kuinama mbele ya watu walimshangilia muda mrefu. Mi nilikuwa nimevaa hedifoni usiku wa manane nikajikuta nimesimama chumbani peke yangu.

Baada yake kuna wanawake wengine waliopewa?

Ndio. 2023 akaja Nathalie Stutzmann wa Ufaransa, 2024 Simone Young wa Australia akapewa Ring nzima, yaani zile opera nne za Wagner zinazofuatana, na mwaka huohuo wa 2024 makondakta wa opera za tamasha walikuwa wanawake watatu na wanaume wawili. Miaka mitatu tu.

Bologna ikoje? Nimesikia ni kazi kubwa.

Januari 2022 akawa mkurugenzi wa muziki wa Teatro Comunale, jumba la opera la Bologna, na Italia, nchi iliyozaa opera yenyewe, ilikuwa haijawahi kumpa mwanamke cheo hicho kwenye jumba kubwa la opera. Lile jumba lilifunguliwa 1763 kwa opera ya Gluck. Wengi hawajui kwamba Bologna ndo mji wa Italia ulioanza kumpenda Wagner, opera yake ya Lohengrin ilipigwa pale 1871 kwa mara ya kwanza Italia. Kwaiyo kumleta mtu aliyetoka Bayreuth pale siyo bahati mbaya, na kuanzia 2024 akaanza kuwapigia Ring kwa mtindo wa konseti, bila mapambo ya jukwaa. Mwezi mmoja na kitu baada ya kuanza kazi pale, Februari 2022, nchi yake ikavamiwa na Urusi.

Eti mtoto wa Mozart aliishi Ukraine? Au ni stori za mtandaoni?

Ni kweli kabisa na ndo hadithi ninayoipenda kuliko zote hapa. Mtoto wa mwisho wa Mozart aliitwa Franz Xaver Wolfgang, alizaliwa 1791, miezi michache tu kabla baba yake hajafa, kwaiyo baba hakumjua. 1808 akiwa kijana akaenda Galicia, eneo la Lviv ya leo, wakati huo lilikuwa chini ya Austria, akawa mwalimu wa muziki wa familia za matajiri. Akabaki huko karibu miaka 30. Akaanzisha kwaya ya Mtakatifu Cecilia Lviv, na 1826 akaongoza Requiem ya baba yake kwenye kanisa kuu la Mtakatifu George. Fikiria mtu anaongoza misa ya wafu ambayo baba aliiandika akiwa anakufa na yeye mwenyewe akiwa kichanga.

Sasa Oksana akaichukua hii habari ambayo hata watu wa Lviv wengi walikuwa wameisahau, na 2017 akaanzisha tamasha akaliita LvivMozArt. Kwa mtu aliyezaliwa jirani pale naona ilikuwa namna ya kuuambia ulimwengu kwamba huu mji ulikuwa ndani ya muziki wa Ulaya siku zote.

Ile okestra ya vijana inahusiana naye vipi?

Yeye ndo mwanzilishi. Inaitwa Youth Symphony Orchestra of Ukraine, wazo lilianza 2016 kwa kushirikiana na Deutsche Welle na okestra ya taifa ya vijana ya Ujerumani. Watoto na vijana wa miaka 12 mpaka 22 kutoka kila kona ya nchi, mashariki na magharibi, wanafanyiwa usaili, wanakaa pamoja wanafanya mazoezi, wanasafiri. Nia yake ilikuwa mtoto wa Kharkiv na mtoto wa Lviv wakae meza moja ya noti, manake kwenye fidla watu wawili wanatumia stendi moja, mmoja anafunua ukurasa mwenzake anaendelea kupiga. Vita kubwa ilipoanza Februari 2022 hao watoto wakatawanyika, wengine kwenye mahandaki, wengine njiani na maboksi ya fidla mgongoni. Mwezi Machi wengi wakapelekwa Ljubljana, Slovenia, wakapata sehemu ya kulala na kufanya mazoezi. Kwa vijana wa kiume waliofika miaka 18 ilikuwa shida zaidi, mpaka Agosti 2025 sheria ya vita ilikuwa hairuhusu wanaume wa miaka 18 mpaka 60 kutoka nje, kila safari ya konseti ilikuwa ni kuombea kibali jina kwa jina.

Na opera za Ukraine zenyewe bado zinafanya kazi?

Zinafanya, na mimi hapo huwa sina maneno. Kyiv walifungua tena 21 Mei 2022 kwa The Barber of Seville ya Rossini, yaani miezi mitatu baada ya uvamizi, wakachagua opera ya kuchekesha. Odesa wakafungua mwezi uliofuata. Tiketi zinauzwa kulingana na watu wangapi wanaingia kwenye handaki la chini ya jengo, siyo kulingana na viti, kwaiyo unaweza kuona ukumbi una nafasi tele na tiketi zimeisha. King'ora kikilia kondakta anashusha mkono, taa zinawashwa, watu wanashuka chini, waigizaji na mavazi yao na wapiga ala na fidla zao, wote pamoja. Hatari ikipita mapema wanarudi wanaendelea walipoishia. Ikichukua muda mrefu, onyesho limeisha kwa siku hiyo. Sasa kondakta anarudishaje joto la opera lililokatwa katikati ya wimbo wa mapenzi? Sijui wanawezaje, ila wanaweza.

Mbona wameacha Tchaikovsky? Si muziki tu jamani.

Naelewa mnaouliza hivi kwa nia njema. Majumba ya Ukraine yaliondoa kazi za watunzi wa Urusi kwenye ratiba. Krismasi ya 2022 Kyiv badala ya baleti ya The Nutcracker ya Tchaikovsky walicheza The Snow Queen. Wao wanasema serikali iliyowashambulia inautumia huo muziki kama bendera yake, na wakati wanauawa hawawezi kuupiga kama vile hakuna kinachoendelea. Mi nikiwa mbali na mabomu siwezi kumwambia mtu aliye chini ya mabomu apige muziki gani. Na kuna faida moja imetoka humo, kazi za Ukraine zilizokuwa zinakaa kabatini zinapewa nafasi, mfano baleti ya Lisova Pisnia ya Mykhailo Skorulskyi, ya 1946, kutoka kwenye tamthilia ya Lesya Ukrainka. Msitu, roho za majini, kijana na filimbi yake. Itafuteni.

Ugomvi wa Oksana na Currentzis ulikuwa wa nini?

Naweka sawa, haukuwa ugomvi wa watu wawili. Tamasha la Wiener Festwochen la Vienna 2024 lilimwalika Oksana na okestra ya simfoni ya Kyiv wapige Kaddish Requiem ya Yevhen Stankovych, inayohusu Babyn Yar, lile bonde la Kyiv ambako Septemba 1941 Wanazi waliua Wayahudi 33,771 ndani ya siku mbili. Tamasha hilohilo likamweka pia kondakta Teodor Currentzis na War Requiem ya Britten. Currentzis ni Mgiriki mwenye uraia wa Urusi na kikundi chake kimedhaminiwa na benki ya Urusi iliyowekewa vikwazo, na vita hajawahi kuilaani hadharani. Oksana akasema haiwezekani wanamuziki wanaotoka Kyiv, ambao wana ndugu vitani, wawekwe kwenye pangilio moja na yeye. Februari 2024 tamasha likaifuta ile ya Currentzis. Wako waliomlaumu, wakasema sanaa haina mipaka. Mi naona alikuwa anasema kwa niaba ya watu 80 na kitu waliokaa mbele yake na ala zao, na hiyo nayo ni kazi ya kondakta.

Yule kondakta aliyeuawa Kherson ni nani?

Anaitwa Yuriy Kerpatenko. Kondakta wa okestra ndogo ya Kherson na kwenye jumba la maigizo la mji. Mji ulipokuwa umekaliwa na majeshi ya Urusi, waliandaa konseti ya tarehe 1 Oktoba 2022, siku ya muziki duniani, kuonyesha kwamba maisha yamerudi kawaida, wakamtaka aongoze. Akakataa. Wizara ya utamaduni ya Ukraine ikatangaza mwezi huohuo kwamba amepigwa risasi nyumbani kwake. Alikuwa na miaka 46. Mwezi uliofuata mji ukarudi mikononi mwa Ukraine. Nimemweka hapa kwa sababu nataka jina lake lisomwe kwa Kiswahili pia.

Keri-Lynn Wilson ndo huyuhuyu Oksana?

Hapana. Yeye ni Mkanada mwenye asili ya Ukraine, ndo aliongoza ile Ukrainian Freedom Orchestra iliyozunguka 2022. Wengine wanaochanganywa ni Dalia Stasevska, aliyezaliwa Kyiv akakulia Finland, na Kirill Karabits aliyekaa na okestra ya Bournemouth Uingereza toka 2009 mpaka 2024.

Mwanangu anataka kuwa kondakta, aanzie wapi?

Piano kwanza mama, hilo halina njia ya mkato, manake kondakta wa opera anafanya kazi na waimbaji kwenye piano wiki nyingi kabla okestra haijaitwa. Ajifunze kusoma noti za kwenye mistari na asibaki kwenye solfa peke yake. Aimbe kwaya, ajue pumzi inachukuliwa wapi. Lugha, hasa Kiitaliano na Kijerumani. Na mwalimu wake wa kwaya akimwachia aongoze wimbo mmoja Jumapili, asikatae hata kama ni wa kutolea sadaka, pale mbele ndo atagundua kwamba watu hawafuati mkono, wanafuata pumzi unayovuta kabla ya mkono kushuka.

Nianze kumsikiliza na nini?

Chukua video ya Der fliegende Holländer ya Bayreuth 2021, kampuni ya rekodi ya Deutsche Grammophon waliitoa. Weka hedifoni, simu ndogo ya spika haitakutendea haki. Mwanzo kabisa fidla zinatetemeka na pembe zinaita, bahari yote inakuja juu yako. Baada ya dakika moja na kitu dhoruba inakatika na chombo kimoja cha mbao kinabaki na wimbo wa Senta, taratibu, karibu peke yake. Sikiliza jinsi anavyoiacha ile kimya kabla ya wimbo kuingia, hajaharakisha hata kidogo.